Kiti cha Pweza cha Kabati la Nyuma

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi, thermosi na maneno mengi mazuri. Kisha Kyalo, anayeshika maabara sasa, akanivuta kando, akaniambia nikae chini niandike mambo ya maabara kabla sijayasahau. Nilimwambia masomo yangu yaliishia darasa la saba. Akasema hataki insha, anataka kujua kazi ilivyofanyika. Basi nimekaa chini. Ninaandikia mezani jikoni, hapa Mumbuni, asubuhi, kabla kuku hawajaanza fujo zao. Atakayekuta kosa na alisahihishe kimoyomoyo.

Habari za vyeo sitaziandika, kwa maana nilikuwa na viwili tu. Nilianza mfagiaji, nikamaliza msaidizi wa maabara, na hicho cha pili kilikuja bila sherehe: siku moja ufagio ulipewa mtu mwingine.

Niliingia shuleni mwanzoni mwa miaka ya tisini. Maabara wakati huo ilikuwa chumba kimoja kirefu, na mwenye chumba alikuwa Mzee Nzioka, ambaye sasa ni marehemu. Alivaa koti la kaki lililotobolewatobolewa na asidi. Mfuko mmoja ulikaa penseli, wa pili kitambaa, na hakuna aliyewahi kumwona amechanganya mifuko. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza jina. Aliniambia nimwonyeshe mikono, akaigeuza huku na huku kama anayenunua ndizi.

"Mikono iko na kidonda haiingii hapa mpaka ipone, mwaitu," akasema. Mwaitu ni mama yetu kwa Kikamba. Aliniita hivyo mpaka akastaafu, ingawa nilikuwa na umri wa binti yake wa pili.

Mikono haikuwa na kidonda, kwa hiyo akanipa kazi ya kuosha vioo. Nyinyi mnayajua maji ya kisima chetu. Yanatoka ardhini kwa pampu yakiwa maangavu kabisa, lakini ukiyachemsha, sufuria inabaki na koga jeupe gumu, na glasi ikikauka inakuwa na madoa kama imemwagiwa maziwa. Kila nyumba Machakos yenye maji ya kisima inalijua koga hilo. Wenye malimau hutumia limau, wengine hukwangua kwa kisu. Mzee Nzioka alikuwa na njia yake. Alijaza maji beseni la buluu, akatia asidi kidogo kidogo (asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, hilo mkilisahau mtalikumbuka hospitalini), halafu akazamisha vioo vyote vyenye madoa. Vinaanza kutoa mapovu madogo. Unangoja. "Povu ikiisha, chumvi imeisha," alisema. Unatoa, unasuuza, unafuta kwa kitambaa, na bika, kile kikombe cha kioo cha kupimia, iliyokuwa kama kuukuu inang'aa upya.

Birika la mwalimu mkuu nalo lililetwa kwetu kila muhula likatibiwa vivyo hivyo. Chai yake haikubadilika.

Mwalimu wa biolojia alikuwa Mwalimu Swaleh. Familia yao ni ya mjini hapa, wana duka la vitambaa, ila babu yake alitoka Pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tuongee polepole mbele yake. Alikuwa na neno moja ambalo hakuliacha: mnyama hafundishwi kwa chaki. Panzi tulikuwa nao kila mahali, vyura walikuja na mvua, na panya hawakuhitaji kualikwa. Tatizo lilikuwa bahari. Kitabu kilikuwa na kundi zima la wanyama wenye ngozi ya miiba, na wasichana wetu walikuwa wamezaliwa vilimani Mua, Iveti na Kangundo. Walikariri majina kama watu wanaokariri stesheni za reli ambayo hawatapanda. Siku moja msichana aliuliza, kwa nia njema kabisa, kama nyota wa bahari hutoa mwanga. Darasa halikucheka. Wote walitaka kujua.

Nyumbani nilisimulia jambo hilo wakati wa chakula. Mume wangu, Mutua, alikuwa dereva wa lori. Alipeleka na kuleta mizigo Mombasa, na mara nyingi alilala Mlolongo akingoja zamu ya mizani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akameza tonge lake.

"Kwa hivyo shule inataka nyota," akasema. "Na mwezi je, hawataki?"

Safari iliyofuata akaleta debe. Lori lake lilikuwa linaelekea Nairobi, halikuweza kukata kona kuja mjini, kwa hiyo nilimngoja Kyumbi, kwenye njia panda, pamoja na wauza machungwa. Viumbe alivyoleta alikuwa ameviokota kwa wavuvi wanapokung'uta nyavu. Vilikuwa vimetupwa mchangani na hakuna aliyevitaka. Aliviona vinakauka, akavihurumia, na alipofika Voi akaongeza maji ya mfereji ndani ya debe. Huo ndio ulikuwa wema uliowaua. Kufika Kyumbi vilikuwa vimelegea, na harufu ilikuwa imetangulia kushuka. Muuza machungwa mmoja aliziba pua akachungulia.

"Hiyo inapikwa na nini?" akauliza.

"Inapikwa na spiriti," nikamjibu.

"Basi walimu wenu wako na njaa."

Mwalimu Swaleh alieleza kosa liko wapi. Wanyama hawa huvuta maji ya bahari ndani ya mwili, na kwa maji hayo huendesha miguu yao. Ukiwatia maji matamu unawaharibu kutoka ndani. Tangu hapo Mutua aliwafunga katika gunia lililoloweshwa maji ya bahari na hakuongeza tone njiani. Alijifunza haraka. Baadaye alianza kunifundisha mimi mambo ya wanyama hao.

Sasa niwaandikie aina zenyewe, kwa jinsi mikono inavyozijua, kwa maana kitabu mnacho.

Kiti cha pweza, yaani nyota wa bahari, ndicho mnachokijua wote: mikono mitano, na katikati hakuna kichwa wala shingo. Hana mbele wala nyuma. Ukimgeuza utaona mdomo chini, katikati kabisa, na kutoka mdomoni mfereji unapita kila mkono, umejaa miguu midogo laini kama nyuzi zenye vikombe. Juu ya mgongo, pembeni kidogo ya katikati, kuna kidoa kigumu kama kichujio cha chai. Hapo ndipo maji huingia. Wanafunzi hukiruka kila mara wanapochora, na kila mara maksi ziko hapo.

Wa pili ni ndugu yake mwembamba, mwenye kitovu cha mviringo kama kifungo na mikono mirefu kama mikia ya mijusi. Huyo usimshike mkononi. Alikuwa anavunjika hata kwa kutazamwa. Mutua alileta wengi, lakini waliofika na mikono yote walikuwa wachache sana.

Wa tatu ni yule wa duara mwenye miiba mwili mzima. Mwalimu Swaleh alikuwa na jina lake la Pwani, lakini wasichana walimwita nungu wa bahari na jina likabaki. Miiba ikidondoka, linabaki gamba jepesi kama ganda la yai, lenye safu za vitundu zilizopangwa mara tano. Hata yeye, ambaye hana mkono hata mmoja, hesabu yake ni tano. Chini ana meno matano yanayokutana ncha. Wa bapa, aliye kama biskuti, ni jamaa yake. Mgongoni ana ua la petali tano, na miiba yake ni mifupi kama vinyweleo vya ulimi wa paka.

Kisha jongoo wa bahari. Huyo ni laini, mrefu kama tango, mdomo upande mmoja, na mdomoni ana vishikizi kama kichaka kidogo. Hafanani na wenzake kabisa mpaka umlaze na kuhesabu mistari ya mwilini. Akisumbuliwa hutapika matumbo yake mwenyewe. Mzee Nzioka alipoona hivyo mara ya kwanza alitazama sana ndani ya debe, akasema anamjua jirani wa namna hiyo.

Wa mwisho, wa manyoya, tulimpata mara moja tu. Mikono kama manyoya ya kuku, na mdomo unatazama juu badala ya chini. Alikatikakatika ndani ya chupa, na sikumwona mwingine.

Wale wagumu tuliwakausha kivulini juu ya mabati, tukawaweka ndani ya boksi lenye pamba. Wale laini tuliwatia kwenye spiriti. Mwalimu Swaleh hakupenda formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, kwa wanyama hawa. Alisema ikikaa inakuwa kali kama asidi, nayo hula mifupa yao polepole. Sote tulilisikia hilo. Mzee Nzioka pia alilisikia.

Mutua alifanya kazi hiyo miaka kadhaa, bila kuombwa wala kulipwa. Safari ya mwisho alirudi akiwa na homa. Hakusimama Kyumbi, alimpa mwenzake lori Mlolongo akaja nyumbani kwa gari la abiria, na gunia lenye maji mikononi. Aliliweka nje ya mlango. Akaniambia kuna kimoja kikubwa humo, nikishughulikie kabla hakijaharibika, kisha akaenda kulala. Nilikishughulikia. Asubuhi hakuweza kuinuka, tukampeleka hospitali, na wiki haikwisha. Ilikuwa mapafu. Tulimzika kwao, mvua ya vuli ilipokuwa inaanza, na udongo ulikuwa umeanza kushika.

Nilirudi kazini baada ya matanga. Kiti cha pweza kile kilikuwa ndani ya chupa ya mdomo mpana, kimelala kwenye spiriti. Kilikuwa kikubwa kama sahani ya chai, na rangi yake ya kahawia ilikuwa tayari inapungua. Nilibandika lebo: jina la mnyama, Mombasa, na mwezi. Jina la aliyemleta halikuwa desturi kuandika, nami sikuliandika. Niliiweka chupa katika kabati la nyuma, rafu ya juu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini haishuki kama nyingine. Mzee Nzioka alipokuwa anapanga kabati alipanguza vumbi kuizunguka. Hakuiinua.

Ilikaa hivyo mwaka mmoja na zaidi.

Ulikuwa muhula wa mwisho wa Mzee Nzioka kabla hajastaafu. Maji ya mji yalikuwa yamekatika, kila kitu kikaoshwa kwa maji ya kisima. Kidato cha tatu kilikuwa kimefika kwenye wanyama wa ngozi ya miiba, na Mwalimu Swaleh alitaka kila meza iwe na viumbe vyake. Mzee akatoa boksi la pamba. Vilikuwa na vumbi, akaviosha. Vilipokauka vilikuwa na ukungu mweupe mwili mzima.

Mtu wa mahali pengine angeuona ukungu ule asijue ni nini. Sisi tulijua. Ni chumvi ya kisima, ile ile ya birika na bika, na dawa yake ilikuwa chini ya meza. Mzee akatengeneza beseni lake la buluu, asidi ndani ya maji, akazamisha viti vya pweza, nungu wote na wale wa bapa. Vikatoa povu. Lori la maji likaingia getini, akaenda kulipokea, na alipotoka aliniambia nisiguse mpaka povu liishe.

Sikugusa. Nilikuwa nanoa visu vya kupasulia upande wa pili, na nilisikia beseni likitatarika kama mtama kwenye kikaango. Niliwaza kwamba kumbe walikuwa na chumvi nyingi.

Aliporudi, povu lilikuwa bado. Akangoja. Lilipotulia, akaingiza mkono wenye glavu akatoa kitu kama kitambaa cha kufutia miwani. Ndicho kilichokuwa nungu. Viti vya pweza vilikuwa vimebaki na umbo, lakini ukiviinua vilining'inia kama soksi. Wale wa bapa hatukuwapata kabisa. Koga la birika ni chokaa, na mifupa ya wanyama hao ni chokaa vilevile. Asidi haikujua ipi ni uchafu na ipi ni mnyama.

Mzee Nzioka aliketi juu ya stuli, kile kitambaa kikiwa mkononi. Baadaye akavua koti, akalitundika, akatoka na beseni lote mpaka chumba cha walimu. Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "nimeosha wanyama wako mpaka wameisha."

Mwalimu Swaleh alitazama ndani ya beseni muda mrefu. Ingekuwa heri angekasirika. Aliinua soksi moja, akaitandaza kiganjani, akasema kwa sauti ya chini kwamba hiki nacho ni somo, kesho atakionyesha darasa wajue mifupa ilikuwa kitu gani. Akamwambia Mzee asijitaabishe. Lakini sote watatu tulijua kwamba sasa hapakuwa na hata mmoja wa kuwapa wasichana wamshike. Jongoo wawili wa kwenye spiriti walikuwa wamebaki, na kwa hao huwezi kumfundisha mtu hesabu ya tano akaiona mara ya kwanza. Na lori la Mutua lilikuwa na dereva mwingine, ambaye sikumjua.

Jioni, Mwalimu Swaleh alinikuta nafunga madirisha.

"Mama Mwikali," akasema, "ile chupa ya kabati la nyuma..."

"Hiyo si ya shule, Mwalimu."

"Najua si ya shule. Najua ni ya nani." Akafunga dirisha moja mwenyewe. "Nilitaka kukuomba waitazame tu. Kwa nje. Haitafunguliwa."

Nilimwambia nitafikiri. Akashukuru kana kwamba nimekubali, ndivyo walivyo watu wenye adabu. Wanakubana kwa shukrani.

Mzee Nzioka alikuwa amesikia. Alinisindikiza mpaka getini, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Usiifungue kwa sababu yangu, mwaitu," akasema. "Mimi nitaenda nyumbani na aibu yangu. Ni mzigo ya mtu mmoja, naweza."

Nilimwambia hakuna aliyesema habari ya kufungua. Akasema sawa, ila anasema mapema.

Nilifikiri. Sitawadanganya kwamba niliwaza wasichana. Niliwaza chupa. Nyumbani nguo za Mutua zilikuwa zimegawiwa ndugu zake kama ilivyo desturi, na redio alichukua mdogo wake. Kaburi liko kwao, mbali. Kitu kilichokuwa kimebaki kama alivyokishika, bila mtu mwingine kukitumia, kilikuwa kile. Nilijua pia kwamba spiriti ilikuwa inapungua ndani ya chupa, kwamba nilikuwa naiongeza kila muhula kwa spiriti ya shule, na kwamba kwa njia hiyo haikuwa kweli kabisa nilipomwambia Mwalimu kuwa chupa si ya shule.

Asubuhi niliishusha. Niliiweka meza ya mbele nikasimama karibu nayo.

Mwalimu Swaleh alifundisha vizuri siku hiyo. Alianza na zile soksi. Alidondosha asidi kwenye chaki, ikatoa povu, akadondosha kwenye koga la birika, ikatoa povu, na wasichana wakaelewa bila kuambiwa sana. Hakutaja ni nani aliyefanya kosa. Mzee Nzioka, aliyekuwa amesimama nyuma na kitambaa chake, akasema mwenyewe: "Ni mimi niliosha." Mmoja akacheka, mwenzake akamfinya. Kisha wakaja mbele mmoja mmoja kutazama chupa.

Kulikuwa na msichana anaitwa Wayua, wa upande wa Kangundo, mwenye tabia ya kuuliza swali na kubaki amesimama mpaka lijibiwe. Aliinama akatazama chupa juu, akatazama pembeni, akajaribu kutazama chini akashindwa.

"Mama Mwikali," akasema, "mdomo iko upande wa chini?"

"Ndiyo."

"Na miguu pia?"

"Pia."

"Sasa sisi tutaona nini, na ameikalia?"

Wenzake wakasonya na kumvuta sketi. Mwalimu Swaleh akamwambia achore anachokiona. Wayua alikuwa na haki, na mimi pia nilikuwa nimemtazama mnyama huyo mwaka mzima na zaidi bila kuona chochote ila mgongo. Sijui niandike nini hapa. Ningependa kusema nilifikia uamuzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kusimama pale nikilinda chupa kutoka kwa watoto.

Nilifungua kifuniko. Spiriti ilitoka ikatuuma macho. Nilimtoa kwa mikono miwili, nikamweka kiganjani mwa Wayua, nikamgeuza.

Walisongamana. Mfereji ulikuwapo katika kila mkono, na miguu midogo ilikuwa imekauka ikawa kama nywele fupi, lakini ilikuwapo, safu kwa safu. Walihesabu kwa vidole. Mmoja alikipata kile kichujio mgongoni kabla Mwalimu hajakitaja, akawa na kiburi mpaka kengele ya chakula. Mwalimu Swaleh alinitazama, akasema imetosha, sasa tunaweza kumrudisha.

Nikamwomba Mzee Nzioka sinia la nta, lile la kupasulia.

Alilileta. Alichoma pini kwenye ncha za mikono, taratibu, mgongo ukiwa juu, kama alivyonifundisha mimi kwa chura. Mwalimu alimwita Wayua apasue. Wayua alishika kisu, akakilaza tena kando ya sinia, kwa sababu kwa wakati huo kila mtu chumbani alikuwa amehisi kuna jambo, ingawa wasichana hawakujua ni lipi. Nikakichukua kisu mimi. Nilikata kutoka ncha ya mkono mmoja kwenda katikati, upande huu, kisha upande huu, nikainua ngozi kama kifuniko.

Ndani ya mkono kulikuwa na matawi mawili marefu ya kahawia. Mwalimu alieleza kwamba hapo ndipo chakula husagwa, kwamba kila mkono una sehemu yake na hakuna mkono unaokula kwa niaba ya mwingine. Nikaendelea mpaka katikati, kwenye tumbo. Lilikuwa limevimba. Nililifungua kwa ncha ya kisu, na ndani yake kulikuwa na kombe dogo la baharini, zima na gamba lake, la rangi ya samli.

Waliokuwa nyuma wakapanda stuli waone.

"Alikuwa anakula?" Wayua akauliza.

"Alikuwa anakula," Mwalimu Swaleh akasema. "Wa aina hii humeza kombe zima, kisha hulitema gamba akishamaliza."

"Hakuwa amemaliza."

"Hapana."

Wayua aliinamia sinia. Akaniuliza mimi, si Mwalimu, kama aichore na hiyo kombe, kwa sababu kwenye kitabu haiko. Nilimwambia achore alichokiona. Wote walichora. Baadaye nilipokusanya masinia nilipita nikaona: michoro mingine ilikuwa mibaya sana, mikono sita, mikono minne na nusu, lakini yote ilikuwa na kombe.

Kwa desturi yetu mabaki ya somo hayatupwi jaani ambako mbwa hufika. Yana shimo lake nyuma ya maabara, karibu na ua, na nyinyi mnalijua. Mzee Nzioka alichimba. Nilimweka humo pamoja na zile soksi za wenzake na matumbo ya panya wa wiki iliyopita, bila kutenganisha. Mzee akauliza kama nataka kubaki na kombe. Nilifikiri, nikamwambia ni chakula cha mwenyewe. Akafukia, akakanyaga udongo kwa kiatu, akasema "muvea," ambalo ni asante, sikujua ni kwangu au kwa nani. Mwisho wa muhula alistaafu, akapewa blanketi.

Chupa niliiosha kwa maji ya kisima. Lebo ilikuwa imeshika sana, nikailoweka usiku kucha, nikaisugua ikatoka. Kioo kilikauka na madoa meupe kama kawaida, nikakizamisha kwenye beseni la buluu, nikangoja povu liishe. Muhula uliofuata tuliweka panzi.